"Mtandao hakuna" si jibu la mwisho

Wiki hii nataka tuyatazame maneno mawili ambayo yamekuwa ya kawaida mno katika ofisi zetu. Maneno hayo ni "mtandao hakuna". Ukifika dirishani kutaka fedha zako unaambiwa mtandao hakuna. Ukienda kulipa ushuru, mtandao hakuna. Ukifuata cheti, mtandao hakuna. Na mwananchi, kwa kuwa hajui mtandao huo hukaa wapi wala ukiondoka huenda wapi, hushukuru na kurudi alikotoka.

Huku kwetu Kibondo kurudi ulikotoka si jambo dogo. Mtu wa Mabamba au wa Kifura anayekuja mjini kwa pikipiki hulipa nauli ya kuja na ya kurudi, na siku yake ya shamba inakuwa imekwisha. Akiambiwa arudi kesho, analipa mara mbili kwa shida ile ile. Na kama alikuja kuchukua akiba yake ili mgonjwa wake asafirishwe kwenda Kasulu au Kigoma, basi hiyo kesho yaweza kuwa mbali mno. Hapana budi basi tujiulize: ni nini hasa kinachokuwa hakipo pale tunapoambiwa mtandao hakuna?

Mimi ni mtu wa redio, taaluma niliyosomea ni uandishi wa habari. Lakini katika kazi hii nimekaa na mafundi wengi, nikawauliza maswali ya kitoto, na wamenijibu kwa uvumilivu. Nililolipata kwao ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo tunayoyaita ya mtandao hayatoki Dar es Salaam wala Dodoma. Yamo humo humo ofisini, kati ya chumba kimoja na kingine, na yanaweza kutafutwa na kupatikana na mtu yeyote mwenye subira. Leo nitachukua mfano mmoja tu, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote. Mfano huo ni ule wa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali nayo, kupitia mtandao wa ofisi usiotumia waya, yaani waifai.

Tuseme kuna chama cha akiba na mikopo. Hesabu zote za wanachama zimo katika kompyuta moja, iliyo chumbani kwa mhasibu. Programu ya hesabu ina leseni ya kompyuta moja, na kwa usalama hawataki hesabu zitawanyike huku na huko. Sasa karani wa dirishani, aliye jengo la pili, anafanyaje? Anatumia kile ambacho mafundi wanakiita rimoti desktopu. Kompyuta yake ya dirishani inamwonyesha skrini ya kompyuta ya mhasibu, naye anabonyeza na kuandika kana kwamba amekaa mbele yake. Hesabu hazihami. Kinachosafiri ni picha ya skrini kuja kwa karani, na herufi anazobonyeza pamoja na mwendo wa kipanya kwenda kwa mhasibu. Hata kompyuta kuukuu inaweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu kazi nzito inafanywa na ile nyingine.

Jambo hili si geni. Kampuni ya Microsoft iliingiza utaratibu huo katika toleo la seva la Windows NT 4.0 mwaka 1998, na mwaka 2001 ukaingia katika Windows XP ya maofisini. Halmashauri zetu nchini nazo kwa miaka mingi zilifanya hesabu zao katika mfumo wa Epicor, ambao mitambo yake ilikuwa Dodoma, kabla ya kuhamia mfumo wa MUSE. Kwa hiyo kufanya kazi katika kompyuta ambayo huioni kwa macho ni jambo ambalo watumishi wetu wa huku bondeni na milimani wamelizoea.

Sasa hebu tulitenge jambo la kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapopotea. Karani na mhasibu wa mfano wetu hawahitaji intaneti hata kidogo. Kompyuta zao zinazungumza kupitia ruta iliyomo ofisini. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikonge ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zile zilizoathirika sana katika Afrika Mashariki. Intaneti ilizorota kila mahali. Lakini hata katika siku kama hizo, kompyuta ya dirishani inaweza kuendelea kuzungumza na kompyuta ya mhasibu, kama vile majirani wawili wanavyoweza kusalimiana ingawa barabara ya kwenda mjini imekatika. Kwa hiyo karani wa namna hii akisema mtandao hakuna kwa sababu kifurushi kimekwisha, amekosea ugonjwa, na dawa atakayonunua haitamponya.

Jambo la pili, waifai ni redio. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu linanihusu. Ruta ile yenye antena mbili au tatu inayokaa juu ya kabati ni kituo kidogo cha redio, kinachorusha na kupokea. Sisi wa FM tunarusha kati ya megahezi 88 na 108. Waifai ya kawaida inarusha kwenye megahezi 2,400 hivi, na ile mpya zaidi kwenye 5,000 na kuendelea. Yote ni mawimbi, na yote yana tabia za mawimbi: hupungua nguvu kwa umbali, huzuiwa na ukuta, hugonga bati yakarudi, na hugombana yanapokutana kwenye masafa mamoja.

Wazee wa Kibondo na Kasulu wanazikumbuka redio za upepo. Wakimbizi wa Burundi walipomiminika huku mwaka 1993, na baadaye wa Zaire mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, redio za namna hiyo zilikuwa ndiyo njia ya ofisi kuzungumza na makambi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: mmoja akisema, wengine wote wananyamaza. Wawili wakisema pamoja hakuna anayesikika. Waifai inafuata kanuni hiyo hiyo. Kila kompyuta na kila simu inasubiri zamu yake, inasema kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, inanyamaza. Kwa kuwa zamu ni za haraka mno, sisi tunadhani wote wanasema pamoja. Lakini ofisi ikiwa na simu thelathini mifukoni mwa watu, zote zimeunganishwa kwenye ruta moja, foleni inarefuka.

Hapa yatupasa kujibu swali ambalo watumishi wengi huuliza: mbona WhatsApp inafanya kazi, lakini rimoti desktopu inakatika? Jibu ni kwamba ujumbe wa WhatsApp ni kama barua. Ikichelewa sekunde tano, huoni tofauti. Kuiendesha kompyuta ya mbali ni kama mazungumzo ya simu. Kila herufi unayobonyeza inasafiri kwenda, na picha yake inasafiri kurudi. Njia ikiyumba kidogo, skrini inaganda. Ikiyumba zaidi, mazungumzo yanakatwa. Kwa hiyo kuona WhatsApp inakwenda si ushahidi kwamba hewa ya ofisi ni nzima.

Baada ya maelezo hayo, sasa twende hatua kwa hatua. Mafundi wazuri wana tabia ya madaktari wazuri. Hawaanzi na upasuaji. Wanaanza na mambo mepesi, na kila swali linapunguza idadi ya magonjwa yanayowezekana.

Swali la kwanza: je, kompyuta ya mhasibu imewaka na iko macho? Mtu anaweza kucheka, lakini kompyuta nyingi zimewekwa zilale zenyewe baada ya dakika kadhaa bila kuguswa, ili kupunguza matumizi ya umeme. Mhasibu anakwenda kula chakula cha mchana, kompyuta inalala, na dirishani mtandao unakuwa hakuna. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya umeme na kuiambia isilale kabisa wakati wa kazi. Skrini inaweza kuzimika, hilo halina madhara. Na hapa nitaje umeme wenyewe. Kibondo na Kasulu ziliendeshwa kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022. Gridi haikuondoa kukatika kwa umeme. Ofisi inayoweka betri ya akiba kwenye kompyuta ya mhasibu na kuiacha ruta bila betri imefanya nusu ya kazi, kwa sababu ruta ikizimika, kompyuta mbili zilizowaka hazionani.

Swali la pili: je, kompyuta zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja? Nimeona ofisi ambazo hewani mna majina manne ya waifai: ya ofisi, ya mkuu wa ofisi, ya wageni, na ya simu ya karani mwenyewe. Kompyuta ya dirishani ikishindwa kuupata mtandao wa ofisi asubuhi inarukia mwingine inaoukumbuka. Inaonyesha alama ya waifai, kila kitu kinaonekana kizuri, lakini imeingia nyumba nyingine. Aidha, ruta nyingi zina waifai ya wageni iliyotengenezwa makusudi ili vyombo vilivyomo visionane. Ni jambo jema kwa wageni, lakini karani akiingia humo hawezi kumwona mhasibu.

Swali la tatu ni la anwani. Kila kompyuta kwenye mtandao inapewa namba yake, kama namba ya nyumba. Ukifungua dirisha la amri katika Windows na kuandika neno ipconfig, utaiona. Katika ofisi ndogo namba hizo mara nyingi huanza na 192.168. Ikiwa namba ya karani na ya mhasibu zinafanana mwanzo na kutofautiana mwisho tu, hiyo ni dalili nzuri. Ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue kompyuta hiyo iliomba anwani na haikujibiwa, ikajitungia yake. Hiyo haiwezi kuzungumza na wengine, na tatizo liko kati yake na ruta.

Liko jambo jingine kuhusu anwani ambalo linasumbua ofisi nyingi bila kujulikana. Ruta hugawa namba hizo kwa muda. Leo mhasibu amepewa inayoishia na 15. Umeme umekatika usiku, asubuhi ruta imeanza upya, na mhasibu amepewa inayoishia na 22. Karani bado anabisha hodi kwenye nyumba ya 15, ambako sasa imekaa simu ya mlinzi. Hodi haijibiwi. Hapo mtandao ni mzima kabisa. Dawa yake ni kuielekeza ruta iiwekee kompyuta ya mhasibu namba moja isiyobadilika. Ni kazi ya dakika kumi, inafanywa mara moja, na inaondoa kero ya miaka.

Swali la nne: je, njia ni nzuri? Kuna amri ya ping, ambayo kazi yake ni kupiga hodi na kupima muda wa jibu. Anza kuipigia ruta yenyewe, kwa namba yake. Majibu ndani ya ofisi yanatakiwa kuja kwa milisekunde chache, yaani sehemu chache za elfu za sekunde. Ukiona 3, 4, 3, 5, hewa ni safi. Ukiona 4, kisha 380, kisha hakuna jibu, kisha 90, basi hewa ya ofisi yako ni chafu, na hakuna mipangilio ya kompyuta itakayoponya hilo. Ukimaliza na ruta, ipigie kompyuta ya mhasibu. Lakini kuwa mwangalifu: kompyuta za Windows zinaweza kuzuiwa zisijibu ping hata zikiwa nzima. Kwa hiyo kukosa jibu la ruta ni ushahidi mkubwa kuliko kukosa jibu la mhasibu.

Swali la tano: njia ni nzuri, lakini je, mlango umefunguliwa? Kila huduma katika kompyuta ina mlango wake wenye namba, na mlango wa rimoti desktopu ni namba 3389. Kwanza huduma yenyewe lazima iwashwe, kwani kwa kawaida huja imezimwa. Pili, toleo la Windows la nyumbani haliwezi kuendeshwa kwa njia hii. Linaweza kuiendesha kompyuta nyingine, lakini lenyewe haliendeshwi. Ofisi nyingi hununua kompyuta za bei nafuu zenye toleo la nyumbani, kisha fundi anahangaika siku nzima kutafuta kitu ambacho hakimo. Tatu, kuna faiwoli, yaani askari wa mlangoni ndani ya kompyuta. Askari huyu ana tabia mbili. Ukimwambia mtandao huu ni wa kazini, analegeza. Ukimwambia ni wa hadharani, kama wa stendi au hotelini, anakaza. Ofisi ikibadilisha ruta, kompyuta inaweza kuuona mtandao huo kuwa mpya na kuuhesabu wa hadharani. Jana ilifanya kazi, leo haifanyi, na hakuna aliyegusa kompyuta.

Swali la sita ni la utambulisho. Mlango umefunguliwa, lakini jina na nywila vinakataliwa. Hapa yako mambo matatu ya kuangalia. Akaunti isiyo na nywila kabisa kwa kawaida hukataliwa kuingia kutoka mbali, hata kama inaingia vizuri ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yenyewe. Pia jina la karani lazima liwe limeandikwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwa mbali. Jambo la tatu ni saa. Kompyuta kuukuu zina betri ndogo inayotunza tarehe. Ikifa, kila umeme unapokatika kompyuta inarudi nyuma miaka kadhaa, na kompyuta mbili zisizokubaliana kuhusu leo ni tarehe ngapi zinaweza kukataa kuaminiana. Betri hiyo ni ndogo kama sarafu, na bei yake ni ndogo kuliko nauli ya pikipiki kutoka Mabamba.

Hali kadhalika kuna ugomvi wa makarani wawili. Windows ya kawaida ya ofisini inaruhusu mtu mmoja tu kuitumia kwa wakati mmoja. Karani wa pili akiingia kwa akaunti ile ile, wa kwanza anatolewa nje. Wa kwanza anadhani mtandao umekatika, anaingia tena, na wa pili anatolewa. Wanaweza kufukuzana hivyo asubuhi nzima, kila mmoja akilaumu mtandao. Penye haja ya watu wengi kwa pamoja inahitajika seva yenye leseni za kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa unaosumbua zaidi, nao ni ule wa kuunganishwa vizuri kisha skrini ikaganda mara kwa mara. Hapa ndipo turudi kwenye redio. Tazama majengo yetu. Kuta za huku nyingi ni za matofali ya kuchoma, nene, na wakati wa masika hunyonya maji. Mawimbi ya waifai hayapendi ukuta mnene wala hayapendi maji. Juu kuna bati, ndani kuna makabati ya chuma ya mafaili. Halafu ruta imewekwa kona ya mwisho, nyuma ya kabati, kwa sababu soketi ya umeme iko hapo. Kuihamishia ruta katikati ya jengo, juu ukutani, mahali pa wazi, kunaweza kuleta nafuu kubwa kuliko kununua ruta mpya.

Halafu kuna kugombania masafa. Katika megahezi 2,400 zipo chaneli kadhaa, lakini ni tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Katika mtaa wenye ofisi nyingi, kila moja na ruta yake, ukikuta zote ziko chaneli ya 6, ni sawa na vituo vitano vya redio kurusha kwenye masafa mamoja. Fundi mwenye simu yenye programu ya kupima waifai anaweza kuliona hilo kwa dakika moja na kuhamia chaneli iliyo tupu. Masafa ya megahezi 5,000 yana nafasi zaidi na ugomvi mdogo, ila yanachoka upesi yanapokutana na ukuta. Ndani ya chumba kimoja ni mazuri, ila kwa jengo la pili hayafai.

Lakini dawa iliyo kubwa kuliko zote ni ya zamani, nayo ni waya. Fikiri kidogo. Kama karani yuko kwenye waifai na mhasibu naye yuko kwenye waifai, kila ujumbe unapita hewani mara mbili: kutoka kwa karani kwenda kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta kwenda kwa mhasibu. Ukiichukua kompyuta ya mhasibu, ambayo wala haihami mahali pake, ukaiunganisha na ruta kwa kebo, safari moja ya hewani imeondoka. Kebo ya kawaida ya mtandao inafika mita 100. Zaidi ya hapo unahitaji swichi katikati. Kanuni ya mafundi ni rahisi: kisichotembea kipewe waya, hewa iachiwe vinavyotembea.

Nikiwa hapo kwenye waya, nisiache kutaja radi. Sisi wa nyanda hizi tunaijua radi kuliko wengi. Kebo inayotoka jengo moja kwenda jingine kwa nje, bila kinga na bila waya wa ardhini, inaleta radi mezani kwa mhasibu. Baada ya ngurumo kubwa, ruta inaweza kuonekana imewaka taa zote lakini tundu moja limekufa. Kabla ya kusema mtandao hakuna, hamisha kebo kwenye tundu jingine. Na kati ya jengo na jengo, hapo ndipo waifai yenye antena za kuelekezana ina faida yake.

Kwa wanaoiendesha kompyuta iliyo mbali kweli kweli, tuseme Dodoma au Dar es Salaam, kuna jambo la umbali. Setilaiti za zamani za mawasiliano zinakaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe ukipanda, ukashuka, na jibu likapanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha, hata kama mitambo yote ni mizima. Kwa njia hiyo kila herufi inachelewa, na hakuna fundi wa kubishana na umbali. Mkongo wa ardhini unafupisha safari hiyo mara nyingi. Mwenye njia ndefu apunguze mzigo: rangi chache, skrini ndogo, picha za mapambo zizimwe.

Sasa naja kwenye jambo linalonitia hofu zaidi. Ofisi ikichoka na kero hizi, hutokea mtu mwenye haraka akasema: tufungue ule mlango wa 3389 kwenye intaneti, ili bosi aingie akiwa nyumbani au safarini. Ndugu zangu, huko ni kulaza nyumba milango wazi. Ziko programu duniani zinazozunguka usiku na mchana zikigonga milango hiyo na kujaribu nywila moja baada ya nyingine. Wanaoingia huyafunga mafaili yote kwa ufunguo wao na kudai fedha. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro katika huduma hii, iliyopewa jina la BlueKeep, ambayo ilimwezesha mtu kuingia bila hata kujua nywila, na kwa uzito wake kampuni ilitoa kiraka hata kwa Windows XP iliyokuwa imeachwa. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo imefikia mwisho wa huduma yake ya kawaida, kwa hiyo kompyuta nyingi za ofisi zetu zimebaki bila viraka vipya.

Anayehitaji kuingia kutoka nje apitie VPN, yaani njia ya faragha yenye ufunguo, kisha ndipo afike mlangoni. Na mtu yeyote akikupigia simu akisema yeye ni wa benki au wa kampuni ya simu, naye anaomba uweke programu ya kumwezesha kuiona skrini yako, kata simu. Kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ofisi inayotunza taarifa za watu inabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini sheria humkuta mwizi akiwa ameshaondoka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Napenda kumalizia kwa ushauri usiohitaji fedha. Kila ofisi ipachike karibu na ruta daftari moja na kalamu. Mtandao ukisumbua, aandikwe saa, kompyuta ipi, hatua gani kati ya zile sita ilifeli, na ulipona kwa nini. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litaonyesha ugonjwa wa ofisi hiyo: kama ni kila baada ya umeme kukatika, ni anwani, kama ni saa sita mchana, ni kompyuta inayolala, kama ni siku za mnada watu wakiwa wengi, ni foleni ya hewani. Fundi akiitwa kutoka Kigoma atalipwa kwa kutibu, hatalipwa kwa kubahatisha.

Na wewe mwananchi uliye dirishani una haki ya kuuliza kwa adabu swali moja: "Ni mtandao upi usiokuwepo, wa ofisi au wa intaneti?" Mtumishi mwenye jibu anajua kazi yake, na atakuambia kama usubiri nusu saa au urudi kesho. Asiye na jibu, swali lako litamfanya alitafute. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na maradhi haya wanaoyaumwa ni watu wa Mabamba na Kifura, kwa nauli zao. Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.